Miaka Ishirini na Saba Nikimpa Mghani Mgongo

Vijana wangu wa kituo, mwalimu wenu Shamimu amenijia mara tatu akitaka niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi. Mara ya kwanza nilimwambia magoti yananiuma. Akanijibu kwamba kuandika hakutumii magoti. Mara ya pili nilimwambia sina kalamu, akaniletea kalamu mbili na daftari. Mara ya tatu hakusema kitu. Alikaa barazani kwangu akinichambulia mchicha mpaka nikaona aibu. Basi naandika. Mkikuta nimeruka kutoka huku kwenda kule mnivumilie, maana kumbukumbu zangu hazijui kukaa foleni.

Kazi yangu ilikuwa kucheza shairi. Najua baadhi yenu mtacheka. Hata mama yangu alicheka, tena kwa huzuni. Nilipomwambia kwamba kituo cha vijana hapa Ifakara kimeniajiri kuwa mfunzi, aliniuliza nafundisha nini. Nikasema, kucheza. Akasema, "Rozwita, tulikusomesha ili ukacheze?" Mpaka anaingia kaburini aliwaambia majirani zake kule Mahenge kuwa mimi ni fundi cherehani.

Kucheza shairi si kukatika kiuno wimbo ukipigwa. Kuna mghani, yaani yule anayelighani shairi kwa sauti. Kuna ngoma moja, ndogo. Halafu kuna wachezaji wanne au sita ambao hawasemi neno hata moja. Wao wanasema kwa mwili. Mghani akisema mto umejaa, msiwe watu wa kupunga mikono kama samaki mkidhani mmeonyesha mto. Kila mtu wa bonde hili anaujua mto. Onyesha mtu anayeutazama huo mto huku mtoto wake yuko ng'ambo. Simama, tafuta uzito wako uko mguu gani, na uuhamishie mguu wa mbele polepole bila kupiga hatua. Mkishaweza hilo, mengine nitawafundisha kwa siku moja.

Mghani wetu alikuwa Kaka Otmari. Mchana alikuwa karani wa mashine ya kukoboa mpunga, na jioni alikuwa wetu. Alinizidi miaka kumi hivi, na mguu wake mmoja ulikuwa mfupi tangu utotoni, kwa hiyo hakwenda shamba kama watu wengine. Mashairi aliyatunga kichwani, katikati ya kelele na pumba za mashine, na hakuyaandika popote. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Rozi, kutwa nzima naandika magunia. Na shairi nalo niliandike kama gunia?"

Alikuwa na masharti mawili, na mimi niliyashika kama amri za Mungu.

Sharti la kwanza, mghani hukaa nyuma ya wachezaji. Siku za mwanzo alikaa pembeni, tukawa tunamtazama midomo, shingo zote zimeelekea upande mmoja kama kuku wanaosubiri kutupiwa mahindi. Akahamia nyuma. Tangu siku hiyo nilimpa mgongo miaka ishirini na saba. Nilijua pumzi yake kuliko ninavyoijua ya kwangu. Mstari wa kawaida aliuvutia pumzi kwa mdomo. Mstari wa huzuni aliutanguliza kwa pumzi fupi ya puani, na mimi mgongo wangu ulikuwa unaisikia kabla ya masikio. Lakini mkiniuliza leo alikuwa na sura gani wakati anaghani, sijui. Siku zile za pembeni niliona midomo tu, na baadaye sikuwahi kuiona.

Sharti la pili, mchezaji asikariri maneno. Mchezaji akijua neno linalofuata, mkono wake unatangulia, na Kaka Otmari alikuwa akisema mkono uliotangulia ni mwongo. Ili tusikariri, kila mwaka alibadilisha maneno. Vituo vya mwili, yaani mahali pa kusimama na kugeuka, vilibaki vilevile, ngoma ileile, idadi ya beti ileile, ila maneno mapya. Mwaka wa mafuriko aliingiza mafuriko. Mwaka wa ndege aliingiza ndege. Sisi tulisikiliza na kujibu kwa mwili kana kwamba ndiyo kwanza tunasikia habari hizo.

Sasa niwaambie nilivyoaibika kijijini Mofu.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Tulicheza uwanjani, watu wametoka misa, na shairi lilikuwa la mavuno. Nilikuwa nimewapanga wasichana wangu vizuri sana. Tuliinama pamoja, tukazungusha viganja, tukatabasamu, tukainuka pamoja kwa kiuno kama nguo iliyovutwa na kamba moja. Nikajiona nimefika. Mara mama mmoja, mtoto mgongoni, akapaza sauti: "Huyo wa mbele hajavuna hata bamia!"

Watu wakacheka mpaka mpiga ngoma wetu, Hamisi, akapoteza mapigo. Yule mama hakuishia hapo. Alikuja mpaka mbele yangu, akanishika mkono wa kushoto.

"Mwanangu," akasema, "huu ndio unaovuna. Wa kulia unakata tu. Kushoto unakusanya mashuke, unayabana, unayasikia yamejaa. Halafu usiinuke kama askari. Kwanza weka mkono juu ya goti, ndiyo uinuke. Na usimalize kuinuka, kwa sababu mpunga bado upo."

Nyuma yangu alikuwepo Kaka Otmari. Nilidhani ataniokoa. Badala yake nikamsikia akisema, "Umesikia, Rozi. Nenda ukavune."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama wiki tatu nzima katika shamba la yule mama. Jina lake Mama Kanisia. Nilirudi Ifakara viganja vimechanika, na tangu hapo hakuna mtu wa bonde hili aliyewahi kucheka nikivuna jukwaani. Ndiyo maana nawaambia, kabla hujacheza kazi ya mtu, kaifanye. Sizungumzii kuiangalia kwenye simu. Kaifanye mpaka mwili uchoke, kisha cheza ule uchovu.

Mama Kanisia ndiye aliyenipatia kipande cha kulima jirani na chake, na miaka yote iliyofuata nikawa mtu wa shamba kama ninyi. Hilo mnalijua. Mvua za kwanza zikianguka, watu wanafunga nyumba zao mjini na vijijini na kuhamia mashambani, wanajenga vibanda, wanakaa huko miezi. Kikundi chetu kilikufa kila mwaka. Mchezaji mmoja yuko huku, mwingine kule, ngoma imefungiwa kabatini. Mpunga ukishaingia ndani kikundi kinafufuka, na mimi naanza upya na watu walionenepa, waliokonda, waliopata mimba. Wafunzi wa mjini waliwahi kuja kutushauri tufanye mazoezi mwaka mzima. Tuliwaandalia chai, tukawasindikiza.

Wakati mgumu shambani si kulima wala kuvuna. Ni kuamia. Mpunga ukianza kukomaa, ndege wanakuja kama moshi, na mtu lazima akae juu ya dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, tangu alfajiri mpaka jua linazama, anapiga kelele, anavuta kamba za makopo, anarusha udongo kwa kombeo. Uko peke yako. Chini ni mpunga, juu ni jua. Ukisinzia robo saa tu umekula hasara. Kwa hiyo watu wa madungu huitana. Huwezi kumwona mwenzako, mpunga na mabua vimemficha na shamba lake liko mbali, lakini unapaza sauti: "Weee! Upooo?" Naye anajibu: "Nipooo!" Hakuna habari nyingine. Mimi na Mama Kanisia tuliitana hivyo kutwa nzima, miaka na miaka, na baadhi ya siku hatukusema kitu kingine chochote.

Nilimsimulia Kaka Otmari habari hiyo tukiwa tunapanga viti. Wiki mbili baadaye akaja na shairi la Dungu.

Lilikuwa na beti saba. Kila ubeti uliishia kwa mstari mmoja ambao hakuwahi kuubadilisha: Niite nami niite, tujue tupo wawili. Yeye alighani nusu ya kwanza tu, Niite nami niite, kisha akanyamaza. Ngoma ikanyamaza. Sisi wachezaji tukasimama bila kutikisika, mikono imening'inia, tumetazama mbali. Nusu ya pili ilikuwa ya watazamaji. Hatukuwafundisha. Mara ya kwanza tulipolicheza hapa Ifakara, kimya kile kilipoingia nilidhani tumeharibikiwa, kumbe wanavuta pumzi. Ukumbi mzima ukaitika: Tujue tupo wawili! Nywele zilinisimama. Tangu siku hiyo watu walikuwa wakituita kwa shairi hilo moja tu, wakituona njiani wanapaza sauti, "Niite nami niite!" Mcheza kwao hutunzwa, na sisi tulitunzwa kwa kuitikiwa.

Ila si kila mahali ni kwao. Tulialikwa Uchindile, tukapanda treni na kanga zetu nyepesi. Kule juu ni kwa mashamba ya miti, na baridi yake haina salamu. Tulicheza meno yakigongana. Wenyeji walitutazama kwa heshima zote, lakini msonobari hauliwi na ndege, nani ataamia msonobari? Kaka Otmari akaghani, Niite nami niite, akanyamaza. Sisi tukasimama. Kimya. Tukaendelea kusimama. Mtu mmoja akakohoa. Mwingine nyuma kabisa akamuuliza mwenzake, "Kwani anamwita nani?"

Mkicheka mcheke, mimi wakati ule nilitamani ardhi ipasuke. Nyuma yangu niliisikia pumzi ya Kaka Otmari ikisubiri. Nilijua jibu. Lilikuwa kwenye ulimi. Lakini mchezaji hasemi, na nikauma mdomo mpaka Hamisi akaokoa kwa kupiga ngoma, tukaingia ubeti wa pili.

Kwenye treni ya kurudi Kaka Otmari alikaa karibu yangu.

"Ulitaka kuitika," akasema.

"Nilitaka."

"Ulifanya vyema kunyamaza."

Treni ikapita kituo kimoja. Kisha akasema, akitazama dirishani, "Lakini ningefurahi."

Nimelitafakari neno hilo mara nyingi kuliko sala. Msidhani palikuwa na jambo kati yetu. Yeye alikuwa na mke wake, mwema kabisa, aliyemtangulia kufa. Mimi nilikuwa na mume aliyekwenda Mlimba kutafuta kazi na akapata kazi na mke. Kaka Otmari na mimi tulikuwa watu wa kazi moja tu. Ila kuna watu wanalala nyumba moja miaka arobaini na mmoja hajui pumzi ya mwenzake inakatika wapi.

Mambo yalibadilika, kama mnavyojua kuliko mimi. Kwanza zikaja kanda za redio, kikundi kinacheza bila mpiga ngoma. Halafu simu, na vijana wakaniletea biti. Biti ni nzuri, sisemi ni mbaya, ila haimsubiri mtu. Ngoma ya Hamisi ilimwona mchezaji ameteleza ikamsubiri ainuke. Nanyi siku hizi mnahesabu: tano, sita, saba, nane. Mkihesabu, macho yenu yanakuwa kama ya mtu anayetafuta funguo. Acheni kuhesabu, sikilizeni mtu anavuta pumzi wapi. Hapo ndipo hatua inapoanzia.

Sasa nifike kwenye lile ambalo Shamimu hakuniomba niliandike.

Kaka Otmari alipozeeka sauti ilianza kumpotea kidogo kidogo. Msimu ule nilikuwa shambani Mofu, mpunga unakomaa, ndege wamekuja wengi. Nilirudi Ifakara asubuhi moja kuchukua chumvi, viberiti na dagaa. Nilimkuta amekaa barazani kwangu, fimbo magotini, anatweta.

"Rozi, limekaa," akasema.

"Nini kimekaa, Kaka Otmari? Shikamoo kwanza."

"Marahaba. Dungu limekaa. Unadhani nilikuwa nalibadilisha kwa ajili yenu? Nilikuwa nalibadilisha kwa sababu halikuwa limekaa. Sasa limekaa, mstari kwa mstari. Chukua daftari uniandikie."

Mtu ambaye hakuwahi kutaka shairi liandikwe. Ningekuwa na akili ningeshtuka. Nilichofanya ni kutazama jua.

"Leo? Gari la Mofu linaondoka saa nane, na shambani nimemwacha mtoto wa watu anisaidie kuamia."

"Ni beti saba tu, Rozi."

"Tukivuna, kaka yangu. Tukivuna nakuja kwako, nakaa kutwa nzima, naandika mpaka uchoke wewe."

Alinitazama, kisha akacheka. "Haya," akasema, "tukivuna."

Hakuona nimemkosea, na mtu yeyote wa bonde hili asingeona. Kwetu kila kitu ni tukivuna. Harusi tukivuna, paa la nyumba tukivuna, ugomvi wa ndugu unapatanishwa tukivuna. Ni adabu yetu kabisa. Anayedai jambo kabla ya mavuno ndiye asiye na adabu. Alishuka barazani kwa mguu wake mfupi, akakata kona ya nyumba ya jirani, na mimi nikarudi ndani kufunga dagaa.

Siku ya kumi na mbili baada ya hapo nilikuwa juu ya dungu. Simu ilikuwa haina chaji siku ya nne, na sikujali, maana nani angenipigia? Mama Kanisia alikuwa ameshafariki mwaka uliotangulia na wanawe wakauza shamba. Aliyelinunua alikuwa hajalima bado. Nilikuwa nimeita asubuhi ile, kwa mazoea, "Upooo?" na mabua yakanyamaza. Kwa hiyo nilipomsikia mtu akipaza sauti kutoka njiani, "Mwalimu Roziii!" sikungoja hata kusikia sauti ni ya nani. Nilisimama juu ya dungu nikaitika kwa furaha yangu yote, "Nipooo!"

Alikuwa kijana wa bodaboda kutoka kijiji cha Mbingu. Akasema, "Pole, mwalimu. Mzee Otmari amezikwa juzi. Wamekupigia sana."

Nilifika kaburini udongo umeshakauka juu na kupasuka. Mwaka ule mpunga wangu ulikubali kuliko miaka yote, na sikuweza kuula. Ngoja ngoja huumiza matumbo, watu husema. Mimi nilimngojesha mwenzangu, na tumbo lililoumia ni langu, mpaka leo linauma.

Mtauliza, kwani hakuna aliyerekodi? Wapo. Zipo simu zenye Dungu la miaka ya nyuma, upepo na vigelegele vimemmeza mghani, unasikia tu Niite na watu wanaitika. Kuna mstari mmoja niliouokoa humo: Ndege wamekuja jana, leo wameleta wenzi. Lakini hayo ni maneno ya zamani. Yale yaliyokaa hakuyaghani mahali popote. Alikuja kuyaghani barazani kwangu.

Nilimtafuta Hamisi, anaishi Mlimba sasa. Akanipigia ubeti wote kwa vidole mezani, pigo kwa pigo, maneno hana. Nilimfuata mchezaji wangu mmoja wa zamani pale Mbingu, ni bibi mwenye wajukuu. Nikamuuliza, ubeti wa tatu ulikuwa unasema nini? Akaacha mwiko kwenye sufuria, akasimama katikati ya jiko, akanionyesha mikono. Kushoto unakusanya, kulia unakata, goti, kuinuka nusu. Vizuri kabisa, hajasahau hata kidole. Nikamwambia ndiyo, lakini alikuwa anasema nini? Akaanza tena kuonyesha mikono. Sharti tulilishika vizuri mno, wanangu.

Niliendelea na kazi miaka miwili bila yeye, nikicheza mbele ya spika. Spika haivuti pumzi. Kisha nikastaafu, mkaniandalia keki, nashukuru. Watoto wangu wako mbali, hupiga simu Jumapili na kuniuliza kama nimekula. Nimekula. Napika wali wa mtu mmoja na bado unabaki. Jioni nafunga mlango, naisogeza ile meza ndogo, nasimama nimeupa mgongo ukuta wa nyuma, nalicheza Dungu beti zote saba. Mwili haujasahau. Kila nikifika kwenye kituo cha kuitikiwa nasimama, mikono imening'inia, nangoja. Nyumba yangu ina vyumba vitatu na sikuwahi kujua kuwa ni kubwa namna ile.

Hayo yote nilimsimulia Shamimu siku ile ya mchicha, na sikudhani ananisikiliza, alikuwa ameinamia majani. Jumanne iliyopita akanipitia na bodaboda, akanipeleka kituoni. Ninyi nyote mlikuwa mmeshakwenda mashambani. Ukumbi ulikuwa mtupu, viti vimepangwa ukutani, njiwa wanatembea kwenye mabati.

"Bibi, naomba unionyeshe Dungu," akasema.

"Bila maneno nitaonyesha nini? Nitakuwa kama mtu anayefukuza nyuki."

"Maneno ninayo."

"Ya nani?"

"Yangu." Akatazama chini. "Usinicheke, bibi."

Nilitaka kukataa. Moyoni nilisema, wewe ni nani uweke maneno mahali pa maneno yake? Nilihisi wivu, nawaambia ukweli, wivu wa mjane. Lakini magoti yalikuwa yameshakwenda katikati ya ukumbi yenyewe. Alisimama pembeni yangu. Nikamwambia, "Nenda nyuma." Akaenda nyuma, akaketi kwenye benchi, akaanza kugonga ubao kwa vidole. Pigo lilikuwa la haraka kidogo. Nikangoja. Naye akanisubiri, nikaona, hee, huyu anasikia.

Akavuta pumzi, kwa mdomo, mahali pasipostahili, akaghani:

Simu imekwisha chaji, mpunga umeinama,
Jirani kauza shamba, dungu lake limehama.

Vina vya kati vilikuwa vimeachana kama mimi na mume wangu. Lakini mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshaanza kukusanya mashuke. Sikuyajua maneno, kwa hiyo sikutangulia. Nilikata, nikaweka mkono gotini, nikainuka nusu, na goti likalia kama mlango wa zamani. Alighani mistari mingine, siiandiki hapa, ni yake, mtaisikia. Kisha nikasikia pumzi fupi ya puani. Hakuna aliyemfundisha ile.

"Niite nami niite," akasema Shamimu, akanyamaza. Vidole vikanyamaza.

Nikasimama kama inavyotakiwa, mikono imening'inia, natazama mbali, na mbali kulikuwa na ukuta na viti. Hapakuwa na watazamaji. Hapakuwa na mtu wa Mofu wala wa Ifakara wala hata yule wa Uchindile wa kukohoa. Nyuma yangu pumzi ilikuwa inasubiri, na mimi nikajua kwamba nisipoitika hakuna atakayeitika.

"Tujue tupo wawili," nikasema.

Nilisema kwa sauti ya shambani, njiwa wakaruka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyatamka maneno yale tangu yatungwe. Kisha nikavunja na lile sharti la mgongo. Niligeuka nikamtazama mghani usoni. Shamimu alikuwa analia na kucheka, na kamasi, hana kitambaa, mtoto wa watu.

Alijifuta kwa mtandio, akatazama simu, akasimama.

"Bibi, samahani, gari la Mbingu linaondoka saa nane na mama yuko dunguni peke yake. Beti sita bado zimo kichwani. Tutaziandika tukivuna."

Nilimshika mkono, nikamrudisha kwenye benchi. Daftari alilonipa lilikuwa mkobani, pamoja na kalamu zake mbili.

"Ndege na waule mpunga," nikamwambia. "Ghani, mwanangu, naandika."